Mpwa wangu anataka kujiunga na Polisi. Tukiweka mapenzi ya gwanda pembeni, maslahi yakoje?

Mjomba wa Kihonda

Wakuu, salaam.

Nina mpwa wangu, mtoto wa dada, kamaliza kidato cha sita na karudi kutoka JKT (Jeshi la Kujenga Taifa). Ameshika jambo moja: tangazo la ajira za Polisi likitoka, anaomba. Mama yake hataki hata kulisikia. Anataka kijana aende chuo cha uuguzi, kwa hoja kwamba nesi hata serikali isipomwajiri atapata pa kujishikiza kwenye hospitali binafsi, ila askari akivua gwanda anabaki na nini?

Mimi nimewekwa katikati niamue, na mimi ni fundi magari, mshahara wa serikali sijawahi kuusogelea. Nikiuliza mtaani napata majibu mawili tu. Mmoja anasema polisi wanakufa njaa ndiyo maana wanasimamisha bodaboda. Mwingine anasema polisi ana mshahara, posho, nyumba ya bure na mikopo ya haraka, mtu anataka nini tena. Wote wawili hawawezi kuwa sahihi.

Wito na uzalendo tumeshaviongea nyumbani. Hapa naomba hesabu: anaanza na nini, pembeni anapata nini, anaondoka na nini.

Nawasilisha.

Bwana Soga

Nimekaa siti ya mbele. Ngoja wajuzi waje.

Kata Kiu

Mshahara wa polisi uko barabarani mkuu, muulize trafiki yeyote.

Koplo Mstaafu

Kata Kiu, trafiki ni wachache ndani ya jeshi. Askari wengi maisha yao ni kaunta, lindo la benki, doria ya usiku na kusindikiza mahabusu mahakamani. Huko kote hakuna dereva wa kumsimamisha.

Mleta mada, nimestaafu, nasema nililoliishi. Kijana akiitwa anakwenda depo, chuo cha mafunzo ya polisi, Moshi. Akimaliza anaitwa konstebo, PC, na binti anaitwa WP. Baada ya hapo ngazi ni koplo, sajenti, staff sajenti, sajenti meja. Ukivuka hapo unakuwa mkaguzi msaidizi, unaanza kuvaa nyota, na maisha yanabadilika. Kila ngazi ina mshahara wake, na kupanda si suala la umri pekee. Kuna kozi, kuna nafasi, kuna mapendekezo ya wakubwa wako wa kazi. Nimeacha wenzangu walioingia depo siku moja na mimi, mmoja ana nyota tatu begani, mwingine amestaafu na V mbili za ukoplo kama mimi. Kwenye karatasi ya ajira tulikuwa sawa kabisa.

Sasa vya pembeni. Kuna posho ya chakula, ambayo inaingia kando na mshahara. Kuna sare. Kuna bima ya afya ya NHIF kwako, mwenza na watoto. Kuna likizo. Nyumba ipo kama kituo ulichopangiwa kina nyumba na kama kuna chumba kilichobaki wazi, la sivyo unapanga uraiani. Na ajira yenyewe inaanza kwa mkataba, ya kudumu inakuja baadaye ukishaonekana umetulia.

Ile posho ya chakula ndiyo inayomwokoa askari mdogo. Mshahara ukikatwa mikopo, familia inakula posho. Lakini posho hiyo hiyo ndiyo inayomdanganya. Nitarudi kueleza, mjukuu anataka simu.

Hesabu Kali

Mzee kagusa penyewe, acha niweke namba wakati anamalizana na mjukuu. Mimi nafanya kazi ya mishahara kwenye halmashauri, si polisi, ila makato ya watumishi wa umma yanafanana.

Kwanza mjue kima cha chini cha mshahara serikalini kilipanda kutoka 370,000 hadi 500,000 kuanzia Julai 2025. Rais alitangaza Mei Mosi, ongezeko la asilimia 35.1. Kwa hiyo zile picha za "viwango vya mishahara ya polisi" mnazotumiana WhatsApp, nyingi ni za zamani. Zifuteni.

Nachukua 600,000 kwa mfano tu, ili hesabu ieleweke. Sijasema ndiyo ya konstebo.

PSSSF, mfuko wa pensheni wa watumishi wa umma, mfanyakazi anakatwa asilimia 5, hiyo ni 30,000. (Mwajiri anaweka 15.) Inabaki 570,000 ya kutozwa kodi. PAYE, yaani kodi ya mshahara, haigusi 270,000 za mwanzo. Kuanzia hapo hadi 520,000 ni asilimia 8, yaani 20,000. Hadi 760,000 ni asilimia 20, kwa hiyo ile 50,000 iliyozidi inatoa 10,000. Jumla ya kodi 30,000. NHIF asilimia 3, nayo 18,000. Kinachoingia benki ni 522,000.

Kama kijana alisoma chuo kwa mkopo wa Bodi ya Mikopo, anakatwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi, 90,000. Amebaki na 432,000.

Akienda kukopa benki, kanuni inataka abaki angalau na theluthi moja ya mshahara. Theluthi ya 600,000 ni 200,000. Askari wengi wanakopa mpaka kwenye ukuta huo, kwa sababu benki inajua mshahara hauruki. Basi huyo mtu, miaka mitano au sita inayofuata, mshahara wake halisi ni 200,000 na posho ya chakula. Ukikutana naye analalamika njaa, hasemi uongo. Na mwenzake aliyeingia naye depo, asiyekopa, akisema maisha si mabaya, naye hasemi uongo. Mjomba, hao ndio watu wako wawili wa mtaani.

Bwana Soga

Duh. Kumbe wote walikuwa sahihi.

Kata Kiu

Hesabu nzuri ila imesahau hela ya kubrashi viatu 😂

Koplo Mstaafu

Nimerudi.

Kata Kiu, hiyo hela ipo, sitakaa hapa niitetee wala niikane. Ila mtu anayempangia kijana maisha akiiweka kwenye hesabu anampangia jela. Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007 haiulizi ilikuwa elfu mbili au milioni mbili. Na askari mdogo ndiye anayekamatwa kirahisi, kwa sababu yeye ndiye anayepokea kwa mkono wake, hadharani, siku hizi kila abiria ana kamera.

Turudi kwenye posho. Pensheni inahesabiwa kwa mshahara. Posho ya chakula haimo. Askari amezoea kuishi kwa mshahara na posho kwa miaka thelathini na kitu, siku anayovua kofia posho inakatika palepale, na hesabu ya pensheni inaangalia ule mshahara peke yake. Vijana hawaambiwi hili depo. Wakisikia serikali imeongeza posho wanashangilia, na mimi nilishangilia, nani anakataa hela. Lakini shilingi iliyoongezwa kwenye mshahara itakufuata mpaka uzeeni, iliyoongezwa kwenye posho inakuaga getini.

Hesabu Kali

Naongezea kikokotoo, yaani kanuni ya kupiga hesabu ya pensheni, maana lazima mtu atauliza.

Wanachukua wastani wa mshahara wa mwaka (ile miaka mitatu bora ndani ya kumi ya mwisho), wanazidisha kwa miezi uliyochangia, wanagawa kwa 580. Hiyo ndiyo pensheni yako nzima ya mwaka. Sehemu yake inageuzwa kuwa mkupuo, hela unayolipwa mara moja ukistaafu, kwa kuzidisha na 12.5, iliyobaki inagawanywa kwa 12, unalipwa kila mwezi.

Chukua mtu anastaafu na mshahara wa 1,000,000 baada ya miaka 35, yaani miezi 420. Milioni 12 mara 420 gawanya kwa 580 ni kama 8,690,000. Mkupuo wa asilimia 40 unampa kama milioni 43.4, na kila mwezi 434,000 hivi. Kwa asilimia 33 iliyoanza Julai 2022 angepata milioni 35.8 na 485,000 kwa mwezi. Bajeti ya 2024/25 ndiyo iliyopandisha hadi 40 kwa wale ambao mifuko yao ya zamani ilikuwa inawapa 50, wakiwemo wa PSPF, mmoja wa mifuko iliyounganishwa kuwa PSSSF.

Sasa fanya hesabu hiyo hiyo kwa aliyeishia ukoplo na kwa aliyefika ukaguzi. Miezi ni ile ile, 580 ni ile ile, kinachotofautiana ni mshahara wa miaka ya mwisho. Kwa hiyo swali la "anaanza na nini" ni dogo kuliko watu wanavyodhani. Muulize kijana ana mpango gani wa kupanda.

Jambo la mwisho: pensheni ya kila mwezi inataka michango isiyopungua miezi 180. Anayeacha kazi mwaka wa kumi asitegemee hiyo.

Digrii Mfukoni

Nipo kazini, kwa hiyo nitaongea kwa adabu na sitasema niko wapi.

Niliingia na shahada. Depo nilikimbia mchakamchaka na wa kidato cha nne, tukala ugali sahani moja, tukamaliza wote makonstebo. Aliyekuambia digrii inakupa nyota moja kwa moja amekudanganya. Digrii inafanya kazi baadaye, kwenye nafasi za kitaalamu: uhasibu, sheria, maabara, makosa ya mtandao. Huko ukionekana unafaa, kozi za uongozi zinakukuta. Usipoonekana, unakaa kaunta na shahada yako unaandika RB (namba za taarifa) za simu zilizopotea.

Kwa hiyo ushauri wangu kwa kijana: asiingie akiwa na cheti cha kidato cha sita peke yake halafu akatulia. Akishaingia kwenye ajira ya kudumu aombe ruhusa ya kusoma. Si rahisi. Unasoma jioni, siku ya mtihani unapangiwa operesheni. Mkuu wa kituo akiwa mwelewa anakubadilishia zamu, asipokuwa mwelewa unarudia mwaka. Lakini ndiyo njia ninayoiona inapita.

Mikopo ya benki Hesabu Kali kaieleza vizuri. Mimi naiogopa zaidi ile ya kausha damu, ya wakopeshaji wa mtaani. Kuna watu kazi yao ni kukaa jirani na vituo kukopesha askari. Unaacha kadi ya benki na namba ya siri. Mshahara ukiingia wao ndio wa kwanza kufika kwenye mashine. Nina mwenzangu ana cheo kizuri tu, kadi yake hajaishika muda mrefu. Kama ni lazima kukopa, kuna SACCOS ya askari, URA, angalau wanachama ni nyinyi wenyewe.

Mke wa Afande

Mnaongea kama askari hana familia. Naomba na mimi.

Mume wangu ni sajenti. Tumeishi kota za chumba kimoja na sebule, choo cha kuchangia, watoto wakalala sebuleni. Kodi hatulipi, maji na umeme ni jasho letu. Majirani wote ni askari, mwizi hagusi kamba ya nguo. Hilo silidharau. Nikipiga hesabu ya kodi ambayo tungelipa mjini miaka yote hiyo, ni kiwanja na msingi. Nasi kiwanja tulinunua.

Halafu uhamisho ukaja. Askari haulizwi anataka kwenda wapi. Posho ya kujikimu na nauli ya mizigo ni haki yake, ila haki hiyo inaweza kukukuta umeshahama, umeshauza makochi kwa bei ya kutupa, na mtoto ameshahamishwa shule kwa hela ya kukopa. Mimi nilikuwa na genge la chakula lenye wateja wa kueleweka. Nililiacha. Kule tulikokwenda nilianza na meza moja na jiko la mkaa. Hiyo hasara haipo kwenye hesabu ya mtu yeyote hapa juu, sababu haikatwi kwenye mshahara wa afande, inakatwa kwangu.

Mwambie mama yake kijana hivi: asihofie njaa. Mtoto wake hatakufa njaa. Ahofie mkwe wake atakuwa na kazi gani, maana mwanamke mwenye ajira ya mahali pamoja na askari wa kuhamahama wataishi mikoa miwili.

Na akioa aandikishe ndoa, aandikishe watoto, kwenye bima na kwenye mfuko wa pensheni. Nimeona wajane wanaozunguka na makaratasi kwa sababu marehemu alikuwa "anaenda kubadilisha wiki ijayo".

Mtoto wa Line

Nimekulia line polisi, kwenye nyumba za askari. Tulikuwa tunajua tarehe ya mshahara kwa harufu ya nyama. Baba hakuwahi kuwa na Krismasi nyumbani, sikukuu ndiyo wanafanya kazi zaidi. Uchaguzi ndiyo kabisa, mnamsahau sura. Sijaomba polisi na sitaomba, ila ada yangu ya shule yote ilitoka kwenye ile kazi.

Nesi Zamu ya Usiku

Dada yako nampenda bure, lakini asiuone uuguzi kama peponi. Chuo ni ada mwanzo mwisho, kisha usajili na leseni kwenye Baraza la Uuguzi na Ukunga, kisha unasubiri ajira serikalini ukiwa unajitolea. Polisi kijana akichaguliwa anafundishwa na serikali, hamuuzi ng'ombe. Ukishaajiriwa PSSSF ni ile ile, kikokotoo ni kile kile.

Tofauti ni hii: mimi nikitoka zamu naweza kushika zamu nyingine hospitali binafsi, nikalipwa. Na nina chama cha wafanyakazi. Askari hana. Kwa ujumla uhuru wangu ni mkubwa kuliko wake, hata kama slipu zetu zinakaribiana.

Hesabu Kali

Nesi yuko sahihi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 haiwahusu Polisi, Magereza, JWTZ wala JKT. Vyama vilivyo chini ya TUCTA, shirikisho la vyama vya wafanyakazi, vilipiga kelele kuhusu kikokotoo mpaka asilimia zikasogea. Askari walinufaika na kelele hizo bila kufungua mdomo, kwa sababu hawaruhusiwi kuufungua. Na Katiba ibara ya 147 inawakataza kujiunga na chama cha siasa, kura tu wanapiga. Kijana kama ana ndoto za udiwani azihifadhi.

Jirani wa Namanga

Hamjambo Watanzania. Mimi niko Kajiado, ndugu yangu ni konstebo, kwa hivyo naomba niwape ya kwetu.

Hapa Kenya kulikuwa na jopokazi la Jaji Mkuu mstaafu David Maraga, likapendekeza polisi waongezwe asilimia 40. Serikali ikakubali kulipa kwa awamu tatu kuanzia Julai 2024. Watu wakasherehekea. Lakini angalia payslip: kuna ushuru wa nyumba asilimia 1.5, SHIF ya bima ya afya 2.75, na mpango wa pensheni wa watumishi wa umma ulioanza Januari 2021, ambapo afisa anachangia 7.5 na serikali 15. Wazee wa zamani walistaafu bila kuchangia kitu. Nyongeza iko, lakini ukiifuata mpaka mfukoni ni ndogo kuliko ile ya gazetini.

Ya nyumba nayo iko na hadithi. Mwaka 2018 Rais Uhuru Kenyatta alisema maafisa watoke kwenye zile nyumba mbovu za kambi wakaishi na raia, walipwe marupurupu ya nyumba. Kwa karatasi ni heshima. Kwa mtaa, afisa mdogo Nairobi anatafuta nyumba inayotoshea hayo marupurupu, anajipata jirani ya watu aliowakamata juzi.

Kuhusu digrii, huku zamani konstebo aliye na digrii alikuwa analipwa mshahara wa inspekta. Utaratibu huo ukasimamishwa, wakaenda kortini. Kwa hivyo mwambie kijana asipange maisha na waraka, waraka hubadilishwa na waraka.

Kata Kiu

Leo nimejifunza, natoa maneno yangu ya mwanzo. Nusu.

Mjomba wa Kihonda

Wakuu, nawashukuru sana. Uzi nimemsomea dada simu ikiwa kwenye spika. Nilipofika kwa Mke wa Afande akasema "huyo ndiye anayejua". Bado hajakubali, ila sasa anauliza maswali badala ya kulia.

Mimi nimeelewa hivi: nisimpime kwa mshahara wa kuanzia, nimpime kama ni mtu wa kusoma na kupanda, na kama anaweza kukaa mbali na mkopo miaka ya mwanzo. La kusoma sina shaka naye. La mkopo... ana simu ya bei kuliko yangu na hana kazi.

Swali la mwisho: kuna jamaa hapa Morogoro anasema ana mtu wake wa ndani, tumpe laki tano atamwingiza kijana kwenye orodha.

Koplo Mstaafu

Laki tano kanunue matofali. Maombi ni kwenye mfumo wa mtandao, ajira.tpf.go.tz, bure. Wanaotoa hela hawana pa kwenda kushtaki, na hao matapeli wanalijua hilo, ndiyo maana biashara haifi.

Asubiri tangazo, alisome lote mpaka mwisho: umri, urefu, kitambulisho cha NIDA, cheti cha kuzaliwa, hajaoa, hana kesi, hana michoro mwilini. Watu wanaondolewa kwenye hivyo vidogo, wengine baada ya kusafiri hadi kwenye usaili.

Mpwa_Moro

Shikamooni wakubwa. Mimi ndiye kijana mwenyewe, mjomba kanitumia uzi.

Nimesoma yote, asanteni, hasa Digrii Mfukoni. Hiyo ya kadi ya benki nimeielewa. Naomba kuuliza kwa Koplo Mstaafu: huo mchoro, kama ni mdogo, uko juu ya bega ambapo shati linafunika, nao unahesabika?

Koplo Mstaafu

Marahaba. Kwenye ukaguzi wa mwili shati linavuliwa, mwanangu.

Mjomba wa Kihonda

Wewe, mchoro gani? Umechora lini? Pokea simu.